Kadi ya mkopo isiyo na riba imekukataa: dalili, vyanzo na tiba kwa mwenye historia fupi

Barua ya kunyimwa kadi huwa fupi, na humuuma zaidi mtu ambaye hajawahi kudaiwa na yeyote. Unajiuliza: mimi nisiye na deni ndiye ninayenyimwa, na fulani mwenye mikopo mitatu anapewa kadi ya riba 0% kwa mwaka mzima? Ndiyo, anapewa yeye. Benki haiwezi kuupima uaminifu wa mtu kwa kumtazama usoni, inasoma kumbukumbu. Fulani alikopa mara tatu akarudisha mara tatu, na kila rejesho limeandikwa mahali. Wewe hujaandikwa popote.

Kukosa historia na kuwa na historia mbaya ni magonjwa mawili, hata kama barua za kukataliwa zinafanana neno kwa neno. Mwenye historia mbaya ana faida ya kungoja, maana makosa ya zamani hupoteza makali kadiri miaka inavyopita. Mwenye historia fupi akingoja bila kufanya kitu hapati lolote, kwa sababu faili la mikopo, yaani kumbukumbu zako kwenye taasisi za taarifa za mikopo, likiwa tupu halijijazi lenyewe. Kwa hiyo tutapita dalili moja moja, na uanzie kwenye ile iliyokupata wewe.

Kabla ya kugusa chochote

Usitume ombi la pili leo. Kila ombi kamili la kadi huacha mstari kwenye faili lako. Marekani mstari huo hukaa miaka 2, ingawa FICO, mfumo unaompa mkopaji alama za kuonyesha anavyoaminika, huuhesabu kwa miezi 12 tu. Kwa mtu mwenye miaka kumi ya mikopo, ombi moja halionekani hata kidogo. Kwako wewe faili zima linaweza kuwa na mistari minne, mitatu kati yake ikiwa ni maombi yaliyokataliwa. Afisa yeyote akilisoma anaona mtu anayehangaika kutafuta fedha, hata kama ulikuwa unajaribu bahati tu.

Badala ya kuomba tena, tafuta vitu viwili: sababu ya kukataliwa na nakala ya faili lako. Marekani benki inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30 tangu ipokee ombi lako, ikutajie sababu au ikueleze kwamba una haki ya kuziomba, na ikikataa kwa sababu ya taarifa za faili, una siku 60 za kuomba nakala ya bure kutoka kwa taasisi iliyotoa taarifa hizo. Uingereza una haki ya kuliona faili lako bure kwenye taasisi zote tatu kubwa, yaani Experian, Equifax na TransUnion. Angalia zote tatu. Benki nyingine hutuma taarifa kwa moja au mbili tu, kwa hiyo faili lako laweza kuwa na afya hapa na kuwa tupu kule, na benki iliyokukataa ilitazama lile tupu.

Jambo la tatu ni dogo lakini linawachanganya wengi. "Kadi isiyo na riba" ni jina la vitu vitatu. Kuna kadi ya 0% kwa manunuzi: unanunua, unalipa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, riba haiingii. Kuna kadi ya 0% kwa deni lililohamishwa: unatoa deni kwenye kadi nyingine ya riba kubwa na kulileta huku, mara nyingi kwa ada ya asilimia 3 hadi 5 ya deni lenyewe. Halafu kuna kadi ya kawaida kabisa, yenye riba ya kutisha kwenye karatasi, ambayo haikutozi senti kwa manunuzi ukilipa deni lote kila mwezi. Hiyo ya tatu haina matangazo. Tutarudi kwayo, na nadhani ndiyo wasomaji wengi wa mwongozo huu wanaihitaji bila kujua.

Dalili: Umekataliwa ndani ya sekunde chache

Jibu likija kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe, ujue hakuna binadamu aliyelisoma ombi. Mashine imekutana na kanuni isiyorukwa, na kwa mtu wa historia fupi kanuni hiyo huwa moja kati ya mbili: faili halikuonekana kabisa, au limeonekana lakini halitoshi kupewa alama.

Kuzitofautisha ni rahisi. Fungua akaunti kwenye taasisi ya taarifa za mikopo uone kama yenyewe inakutambua. Ikikwama hata kukuthibitisha wewe ni nani, basi hupo, au upo kwa jina lingine. Hili la pili hutokea kuliko watu wanavyodhani. Mtu ana majina matatu. Kwenye pasipoti jina la ukoo limekaa mwisho, benki ililiweka la babu katikati, kampuni ya simu ikaandika mawili tu. Anwani nayo: mkataba wa simu unasema "Flat 2, 15", akaunti ya benki inasema "15B", ombi la kadi likaandikwa "15/2". Kwa jicho la mtu ni nyumba ile ile. Kwa mashine ni watu watatu, kila mmoja na theluthi ya historia. Chagua namna moja ya kuandika jina na anwani, kisha pita kila mahali ukirekebisha: benki, simu, umeme, mwajiri. Kazi hii inachosha, ila haina gharama, na inaweza kuleta matokeo ndani ya wiki chache.

Kwa aliyehama nchi, chanzo ni kingine. Historia ya mikopo kwa kawaida haivuki mpaka. Ungekuwa umelipa mikopo ya benki miaka ishirini kwenu, ukifika nchi mpya unaanza sifuri kama kijana wa miaka kumi na minane. Uingereza kuna njia ya mkato ambayo wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki hawaijui: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi kule kihalali, wakiwemo Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda, wanaweza kujiandikisha kwenye daftari la wapiga kura. Benki hulitumia daftari hilo kuthibitisha jina na anwani. Kujiandikisha hakukupi historia ya kulipa, lakini kunakutoa kwenye kundi la "hajulikani".

Sasa kama upo na unatambulika, lakini alama hazionekani, tatizo ni umri wa faili. FICO haimpi mtu alama mpaka awe na angalau akaunti moja iliyotimiza miezi 6, na angalau akaunti moja iliyotolewa taarifa ndani ya miezi 6 iliyopita. Mwenye kadi ya miezi mitatu, hata awe amelipa kila siku, hana alama. Kutokuwa na alama si sawa na kuwa na alama ndogo, na hapa ushauri wa "ongeza alama zako" hauna maana. Unachohitaji ni akaunti moja ianze kuhesabiwa siku.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kadi ya mkopo yenye dhamana. Unaweka fedha benki, tuseme 300, na unapewa kadi yenye kikomo, yaani kiasi cha juu unachoweza kukopa, cha 300 au karibu na hapo. Ukishindwa kulipa, benki inachukua dhamana, kwa hiyo haina sababu kubwa ya kukuogopa. Kabla ya kutoa fedha hizo uliza maswali mawili tu: je, taarifa zangu zitatumwa kwa taasisi zote, na kuna ada ya mwaka? Kadi yenye dhamana isiyotuma taarifa ni akiba iliyofungiwa kabatini. Usiichanganye na kadi ya kulipia kabla, ile unayoijaza fedha kama vocha. Ile si mkopo, haijengi chochote, ingawa wauzaji wake hupenda kuizungushia maneno yanayofanana.

Njia ya pili ni kuongezwa kwenye kadi ya ndugu au mwenzi mwenye historia nzuri. Marekani historia ya kadi hiyo mara nyingi huingia kwenye faili lako pia. Uingereza kwa kawaida haiingii, kwa hiyo usimsumbue dada yako bure. Na hata panapofaa, kumbuka mambo yanakwenda pande zote mbili: akichelewa kulipa yeye, nawe unachafuka.

Dalili: Kipimo kilisema utapata, ombi likakataliwa

Kuna kuchungulia na kuna kukagua. Zile kurasa zinazokuambia "una uwezekano wa asilimia 80" zinachungulia tu faili lako, na mchungulio huo hauonekani kwa wakopeshaji wengine wala haushushi alama. Ombi lenyewe ndilo linalokagua. Chungulia utakavyo, kagua kwa nadra.

Mchungulio husoma faili lako kwa haraka na kuamini mambo mengine uliyoandika. Ukaguzi kamili unaanza kuuliza: kipato ulichoandika kinalingana na kinachoingia kwenye akaunti? Kazi unayo tangu lini? Anwani uliyonayo ina muda gani? Mtu wa historia fupi mara nyingi ni kijana aliyeanza kazi mwezi uliopita, kwenye chumba alichohamia mwezi uliopita, kwa benki aliyoifungulia akaunti mwezi uliopita. Kila kitu ni kweli na kila kitu ni kipya. Hakuna cha kurekebisha hapo zaidi ya kuacha vitu vizeeke kidogo. Mimi ningekaa miezi sita kabla ya kuomba tena, na katika muda huo nisibadilishe benki wala namba ya simu bila sababu.

Kosa moja la hapa hutokana na ushauri wa kweli uliohamishwa mahali pasipofaa. Watu wamesikia kwamba ukitafuta mkopo wa nyumba au wa gari Marekani, maombi ya karibukaribu huhesabiwa kama moja. Ni kweli kwa mikopo hiyo. Kwa kadi sivyo: maombi manne ni maombi manne.

Dalili: Umekubaliwa, lakini siyo kadi ya kwenye tangazo

Tangazo lilisema 0% kwa miezi 20. Umepewa miezi 8, au umepewa kadi isiyo na 0% kabisa na kikomo cha kununulia viatu.

Rudi kwenye tangazo utafute neno "hadi". "Hadi miezi 20" maana yake wenye faili nene watapata 20, na wewe utapata utakachopewa. Uingereza hata ile riba wakilishi inayotangazwa kwa herufi kubwa inatakiwa kupewa angalau asilimia 51 tu ya wanaokubaliwa. Waliobaki wanaweza kupewa riba ya juu zaidi, na mwenye historia fupi ndiye wa kwanza kuwekwa kwenye kundi hilo. Hakuna aliyekudanganya kisheria.

Uikubali? Kama haina ada ya mwaka, ikubali. Ukaguzi umeshafanyika na mstari wa ombi umeshaingia. Ukiikataa unabaki na jeraha bila dawa. Ifanye ngazi. Kama ina ada ya mwaka na kikomo kidogo, fanya hesabu kwanza. Ada ya 75 kwenye kikomo cha 300 ni robo ya kikomo imeondoka kabla hujanunua sindano, na kadi yenye dhamana isiyo na ada inakufikisha pale pale.

Dalili: Hakuna anayekupa 0%, kila mahali ni kadi ya kawaida

Hapa ndipo ile kadi ya tatu inapoingia. Kadi nyingi za kawaida zina siku za neema kati ya stetimenti kutoka na tarehe ya mwisho ya kulipa. Marekani stetimenti inatakiwa kutumwa angalau siku 21 kabla ya tarehe hiyo. Ukilipa salio lote la stetimenti ndani ya muda, manunuzi hayatozwi riba, iwe riba iliyoandikwa ni asilimia 20 au 40.

Tuichukue kwa tarehe. Stetimenti yako hufungwa tarehe 5 kila mwezi na mwisho wa kulipa ni tarehe 26. Ukinunua jokofu tarehe 6 Machi, litaingia kwenye stetimenti ya tarehe 5 Aprili, na utalipa tarehe 26 Aprili. Hizo ni siku 51 bila riba. Ukilinunua tarehe 4 Aprili, stetimenti ni kesho yake, na siku zako ni 22 tu. Jokofu ni lile lile na kadi ni ile ile, ila aliyeijua kalenda yake amepata karibu mwezi mzima wa ziada.

Neema hii ina sharti moja kali. Ukibakiza hata sehemu ndogo ya salio, riba inaingia, na kwa kadi nyingi hata manunuzi mapya huanza kutozwa tangu siku ya kununua. Ndiyo maana mtu hulipa deni lote mwezi huu, kisha mwezi ujao anakuta riba ndogo ya kustaajabisha: ni ya zile siku kati ya stetimenti kufungwa na malipo yake kufika. Ilipe, usinune. Kwa kawaida ukilipa stetimenti nzima mwezi au miwili mfululizo, neema inarudi.

Kama unachotaka ni kununua kitu leo na kukilipa ndani ya mwezi na nusu, huna haja ya kadi ya 0%. Unayo tayari. Kama unataka kulipa kwa mwaka mzima, basi siku za neema hazikufai, na kadi hii ya kawaida itakuwa shule ya miezi kumi na miwili kabla ya kwenda kuomba ile nyingine.

Dalili: Unalipa vizuri, alama hazipandi

Malalamiko haya ndiyo yanayonihuzunisha zaidi, kwa sababu mlalamikaji huwa anafanya kila kitu sawasawa isipokuwa kitu kimoja ambacho hakuna aliyemwambia.

Chukua kadi yenye kikomo cha 500. Kwa mwezi unanunua vitu vya 430, na tarehe ya kulipa ikifika unalipa 430 zote. Hujawahi kuchelewa, riba hujawahi kuiona. Lakini benki nyingi hutuma taarifa zako siku stetimenti inapofungwa, wiki tatu kabla hujalipa. Faili linachokiona, mwezi baada ya mwezi, ni 430 kati ya 500, yaani asilimia 86. Mtu aliyejaza kadi yake mpaka shingoni. Kwenye FICO kiasi unachodaiwa kina uzito wa asilimia 30, cha pili baada ya rekodi ya kulipa yenye asilimia 35. Umri wa historia una 15, mikopo mipya 10, mchanganyiko wa aina za mikopo 10.

Tiba: siku mbili tatu kabla ya stetimenti kufungwa, lipa 400. Stetimenti itatoka na 30, ambayo ni asilimia 6, na hizo 30 utazilipa tarehe ya kawaida. Matumizi hayajabadilika hata senti, kilichobadilika ni siku ya kulipa. Uzuri wake ni kwamba katika matoleo mengi ya mfumo wa alama, kipimo hiki hakina kumbukumbu. Ukishusha salio mwezi huu, madhara ya mwezi uliopita yanafutika. Fanya hivyo mwezi unaotangulia ombi lako, hata kama miezi mingine huna nguvu ya kufuatilia.

Kuna imani kwamba lazima ubakize deni kidogo na kulipa riba kidogo ili benki "ikuzoee". Sijui nani aliianzisha, lakini anayefaidika nayo anajulikana. Kulipa riba hakuongezi alama.

Kinyume chake pia kipo: mtu anaipata kadi, anaiogopa, anaitia kwenye droo. Kadi isiyotumika haizalishi rekodi ya kulipa, na benki inaweza kuifunga. Iwekee malipo madogo ya kila mwezi, kama bili ya simu, na agizo la benki la kulipa salio lote lenyewe. Kisha isahau. Na siku ukipata kadi nzuri zaidi, usikimbilie kuifunga hii ya kwanza kama haina ada. Kikomo chake kinapunguza asilimia ya matumizi yako.

Na kama hakuna lolote kati ya haya, fungua faili uone kama kadi yenyewe imeandikwa. Kutumia kadi kwa mwaka kisha kugundua kwamba mtoaji wake hatumi taarifa popote ni jambo linalotokea.

Dalili: Kadi ni ya 0%, na bado riba imeingia

Soma stetimenti mstari kwa mstari, maana riba karibu kila mara ina jina lake pale. Ya kwanza kuitafuta ni fedha taslimu. Ukitoa fedha kwenye mashine kwa kadi ya mkopo, unatozwa ada papo hapo na riba inaanza siku hiyo hiyo; ofa ya 0% kwa kawaida haihusu fedha taslimu, wala siku za neema. Na "fedha taslimu" kwa benki ni pana: kamari, kununua fedha za kigeni na kutuma fedha kwa mtu mara nyingi vinahesabiwa humo.

Ya pili ni kuchanganya aina za ofa. Kadi yako ni ya 0% kwa deni lililohamishwa, nawe umeitumia dukani. Deni la zamani linakaa bila riba na manunuzi yanaunguzwa. Marekani na Uingereza sheria inasaidia kidogo hapa: kwa Marekani kiasi unacholipa juu ya kima cha chini (malipo madogo kabisa ya lazima kila mwezi), na kwa Uingereza malipo yako kwa jumla, huelekezwa kwanza kwenye deni lenye riba kubwa zaidi. Hata hivyo kadi ya kuhamishia deni iache iwe ya kuhamishia deni tu. Angalia pia dirisha la kuhamisha: ofa nyingi zinakutaka uhamishe ndani ya siku 60 au 90 tangu kufungua akaunti, na kwa kawaida huwezi kuhamisha kati ya kadi mbili za benki moja.

Ya tatu ni kuchelewa. Asilimia sifuri haina maana ya likizo ya malipo. Kima cha chini kinadaiwa kila mwezi. Uingereza mkataba unaweza kukunyang'anya ofa kwa kuchelewa mara moja. Marekani sheria ya kadi ya mwaka 2009 inasema ofa idumu angalau miezi 6, na benki haiwezi kuiondoa kwa deni lililopo mpaka uwe umechelewa zaidi ya siku 60, lakini faini ya kuchelewa inakuja mapema zaidi ya hapo. Weka malipo ya kujiendesha ya kima cha chini siku ile ile unayopokea kadi, kabla hata hujaitumia.

Kima cha chini chenyewe ni mtego. Deni la 900 kwa miezi 15 ya 0% linataka 60 kila mwezi. Benki itakuomba labda 25. Ukilipa 25, mwezi wa 15 unafika ukiwa bado unadaiwa 525, na riba ya kawaida inaanza kuila hiyo asubuhi yake. Gawanya deni kwa idadi ya miezi, ondoa mwezi mmoja wa tahadhari, na ulipe kiasi hicho.

Ya nne ni mbaya kuliko zote, na hupatikana sana kwenye kadi za maduka Marekani: riba iliyoahirishwa. Tangazo lake linasema "hakuna riba ukilipa yote ndani ya miezi 12". Neno la hatari ni "ukilipa yote". Umenunua kitu cha 1,000, riba iliyoandikwa ni asilimia 27 kwa mwaka, nawe unalipa 80 kila mwezi bila kukosa. Baada ya miezi 12 umelipa 960 na umebakiza 40. Kwenye kadi ya 0% ya kweli ungetozwa riba kwa hizo 40 pekee. Kwenye riba iliyoahirishwa wanarudi mwezi wa kwanza, wanahesabu riba ya kila mwezi kwa salio la mwezi huo, na wanakuletea yote kwa mpigo: zaidi ya 150, kwa sababu ya 40. Mtu wa historia fupi huangukia humu kwa urahisi, kwa kuwa kadi za maduka ndizo zinazokubali upesi. Kama umeshaingia, lipa 84 badala ya 80. Mara 12 inakuwa 1,008, na umeimaliza.

Dalili: Umekubaliwa na mtu usiyemwomba, ila utume ada kwanza

Hiyo si kadi. Ada halali ya kadi kwa kawaida huandikwa kwenye stetimenti baada ya kadi kufunguliwa, na dhamana huwekwa kwenye akaunti ya benki iliyosajiliwa. Haitumwi kwa namba ya simu ya mtu wala kwa kadi za zawadi. Ukishatuma, piga simu benki yako saa hiyo hiyo.

Lini ujaribu tena

Ukiwa na akaunti moja yenye mwaka, isiyowahi kuchelewa, stetimenti ya mwezi uliopita ikiwa chini ya asilimia 10 ya kikomo, na hakuna ombi jingine ndani ya miezi sita, chungulia. Usianze na kadi yenye ofa ndefu kuliko zote sokoni, kwa sababu hiyo inagombewa na wenye faili nene. Anzia kwenye benki unakopitishia mshahara. Wao wanauona mshahara ukiingia kila mwezi na bili zikilipwa, mambo ambayo faili la taasisi ya taarifa mara nyingi halina, na mara nyingi huwa na ofa fupi ya miezi sita au tisa wanayoionyesha kwa wateja wao tu, ndani ya programu ya simu. Ifungue, iangalie pale, na uhakikishe kabla ya kubonyeza kwamba kilichoandikwa ni "angalia kama unastahili", wala siyo "omba sasa".